Mbenga Unamwachilia, Mjane Unamshika

Lubumbashi, 23 Mei 1976

Yaya Tshibangu,

Nakusalimu sana, wewe na mke wako Mbombo na wote wanaolala chini ya paa lenu. Sisi huku tungali hai, na siku hizi hilo si neno dogo. Mume wangu bado anakohoa moshi wa kiwanda. Binti yangu Clémentine, ambaye shuleni wanamwita Ntumba kwa sababu ya sheria inayokataza majina ya Kizungu, amepanda darasa. Unga unatafutwa kama dawa: mwezi huu nimepanga foleni mara nne, na mara mbili nimerudi na mfuko mtupu. Baridi imetuanza mapema. Ndiyo hali yetu.

Sasa neno lenyewe. Shemeji yako Bernadette yuko nyumbani kwangu tangu alipokimbia Kindu wakati wa uasi, mtoto mgongoni na mume hayupo. Mumewe, ndugu yetu Donatien, waasi walimchukua Agosti 1964, na tangu siku ile hakuna aliyetuambia amekufa wala amepona. Ni miaka kumi na miwili sasa. Mwaka huu amepatikana mwanamume. Jina lake Badibanga, ni fundi wa umeme, naye amefiwa na mke. Ni mtu wa sala, na akinywa anakunywa kama watu. Mwisho wa Desemba anahamishiwa Kolwezi na anataka kwenda na Bernadette.

Lakini wazee wake wamekataa. Wanasema hawagusi mke wa mtu. Wanataka neno la mkubwa wa ukoo wetu, na mkubwa ni wewe, liandikwe kwa mkono wako: kwamba Donatien amekufa, kwamba matanga yakatwe, kwamba mjane ameachiliwa. Bila hilo, hata Bernadette mwenyewe anaogopa. Unajua wanavyosema: mwanamume anayelala na mjane asiyeachiliwa humfuata marehemu.

Ni mistari mitatu, Yaya. Wino kidogo tu. Mpe Célestin, kondakta wa gari moshi, ataniletea mkononi.

Mdogo wako anayekungoja,
Mwadi


Kindu, 27 Juni 1976

Mdogo wangu Mwadi,

Barua yako imenifikia baada ya siku ishirini na nane. Célestin anasema mashine iliharibika Kabalo wakakaa juma zima wakila mihogo ya wenyeji. Zamani, nikiwa bado karakana, tungeitengeneza mashine ile kwa siku mbili. Sasa vipuri hakuna, na wanaojua kazi wamestaafu kama mimi. Mbombo ana homa inayokuja na kuondoka. Jumamosi tulikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tunafyeka majani barabarani, wazee na vijana, mwakilishi wa chama anatuhesabu vichwa. Mgongo wangu bado unalalamika.

Mwadi, nina ombi. Pale mjini kwenu kuna duka la Mgiriki anayeuza vyombo vya uvuvi. Nitafutie ndoano ndefu za chuma kigumu, ukubwa wa kifundo cha kidole gumba. Ni za kutengenezea nzi wa manyoya, chambo cha bandia. Unakumbuka yule mhandisi Mzungu niliyemsaidia karakana? Alipoondoka mwaka wa sabini na nne aliniachia fimbo yake ya kuvulia, kamba yake ya hariri, na etau ndogo ya kubana ndoano mtu anapofunga manyoya. Tangu nistaafu hiyo ndiyo kazi yangu.

Usicheke. Nzi huyu anamwigiza samaki mdogo. Unaanza na uzi, kutoka jicho la ndoano kurudi nyuma, umekazwa lakini usikatike. Kisha unafunga nywele za mkia wa mbuzi mweupe, chache kuliko unavyodhani. Mwanzoni nilikuwa nazijaza mpaka nzi anafanana na ufagio, na samaki walimkimbia. Juu yake karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, ukiizungusha, ili ang'ae majini. Shingoni manyoya ya jogoo mwekundu. Mwisho fundo, na tone la rangi ya kucha ya Mbombo, ambaye kwa ajili hiyo amenuna tangu Pasaka.

Na kutupa nako kuna akili yake. Nzi hana uzito. Kinachotupwa ni kamba. Unaiinua nyuma, unaingoja inyooke yote hewani, ndipo unaipeleka mbele. Asiyejua kungoja, kamba inamwangukia kichwani kama nguo za kufua. Na fimbo isipite nyuma ya sikio.

Habari ya Bernadette nimeisoma. Nitaijibu nikipata utulivu.

Kaka yako,
Tshibangu


Lubumbashi, 8 Agosti 1976

Yaya,

Salamu kwako, na pole kwa Mbombo. Mwambie achemshe majani ya mchaichai, anywe asubuhi. Sisi tu wazima. Foleni ni zile zile.

Nimekuuliza habari za mjane, umenijibu habari za manyoya. Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya mume wangu nikidhani labda jicho langu limeruka mstari. Akasema, "Hapana, jicho yako iko sawa. Ni kaka yako njo anaruka."

Kwa Mgiriki nimekwenda. Nimenunua ndoano thelathini. Ndani ya bahasha hii utakuta sita. Zilizobaki ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati langu, na zitabaki pale mpaka ile mistari mitatu ifike. Ndiyo, nakulazimisha. Mama alinizaa hivi hivi.

Sasa nikuambie jambo ambalo Bernadette hatakuambia. Miaka ya kwanza, kila gari moshi la Kindu lilipofika alikuwa anakwenda kituoni, anasimama mpaka mtu wa mwisho ashuke. Siku hizi haendi. Lakini gari likifika, chakula cha siku hiyo hakiliki, chumvi inazidi. Sote tunakula hivyo hivyo. Harusi za watu haendi, kwa sababu hajui akae na wake za watu au na wajane. Ana miaka thelathini na tisa, Yaya. Badibanga ni mtu mpole lakini si wa kungoja mpaka mwisho wa dunia.

Na kama una wakati wa kuvua, basi tutumie hata kikapu cha samaki wakavu. Tangu ustaafu hujatuma hata mkia.

Mwadi


Kindu, 19 Septemba 1976

Mwadi,

Nakusalimu. Sisi tupo. Mvua zimeanza, paa linavuja juu ya kitanda, tumekisogeza, sasa linavuja pale tulipokisogezea. Mbombo amepata nafuu na anakushukuru kwa majani. Ndoano zako sita nimezipokea. Nilidhani mdogo wangu ana roho kubwa zaidi.

Mto bado haujajaa, kwa hiyo nimewahi. Kuna kijito kinachoingia mto Lualaba juu kidogo ya mji. Maji yake ni meusi ya msituni, na pale yanapokutana na maji ya udongo, mbenga, wale samaki wakali, wanapenda kusimama chini ya mstari huo wakingoja visamaki. Assani, mwenye mtumbwi, ananipeleka. Mbenga ana meno kama misumari, uzi wowote anaukata, kwa hiyo mbele ya nzi nafunga waya, ule mwembamba wa ndani ya kamba ya breki ya baiskeli. Juzi mmoja alimchukua nzi mara tu alipogusa maji. Aliruka mara tatu.

Samaki wakavu sina. Usiniulize tena.

Juu ya Bernadette: mila unaijua. Matanga hukatwa palipo na mwili. Hapa mwili hatukuuona. Mtu anaweza kuwa alivuka kwenda Burundi, au Uganda, wengi walivuka. Mimi sijakutana na mtu aliyemwona Donatien akifa. Nitaandikaje jambo nisilolijua? Wazee wa Badibanga wangoje. Sisi wote tunangoja.

Nimechoka, Mwadi. Usinitumie barua kali.

Tshibangu


Lubumbashi, 24 Oktoba 1976

Yaya Tshibangu,

Salamu, na nyumba yako isivuje. Barua hii ni kali. Kama umechoka, isome umekaa.

Célestin alipita hapa Jumapili, tukampa chakula, na chakula kikamfungua mdomo. Anasema alikwenda nawe kwenye kile kijito. Anasema ulimtoa mbenga mkubwa, kichwa tu kingetosha nyumba nzima. Ulimshika ndani ya maji kwa mikono miwili. Ukamtazama mdomoni muda mrefu. Ukachomoa ndoano kwa urahisi, kwa sababu kile kijimdomo cha ndoano kinachozuia samaki asichomoke umekilaza kwa koleo wewe mwenyewe. Kisha ukamwachilia. Anasema Assani alipiga kelele mpaka ng'ambo: "Baba Tshibangu! Ile njo chakula ya batoto! Unairudisha mu mai sababu gani?" Na wewe ukajibu, "Iende."

Anasema hufanyi hivyo mara moja. Ni kila mara. Mji mzima unazungumza. Mke wa Assani anasema unalisha kitu kilichomo mtoni, na kwamba siku moja kitadai nyama ya aina nyingine. Kanisani watu wanahama benchi ulilokalia. Na wewe hukuniandikia hata neno moja la haya. Ulinieleza mpaka rangi ya jogoo.

Mume wangu alicheka. Clémentine alicheka. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikaona haya. Nchi ina njaa na kaka yangu anawapa mbenga pole ya safari! Bernadette hakucheka. Aliinuka, akaenda kuosha sahani ambazo zilikuwa zimekwisha oshwa.

Basi nakuuliza mimi, kwa kuwa yeye hatauliza. Mbenga unamwachilia, hata damu haijakauka mdomoni. Mjane unamshika. Kwa nini? Amekukosea nini? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuna kitu unakificha, na sisi ndio tunaougua.

Badibanga anaondoka tarehe ishirini na nane Desemba. Baada ya hapo usihangaike kuandika.

Mwadi


Kindu, 5 Desemba 1976

Mwadi,

Salamu nitaziandika mwisho, kama nitabakiwa na nguvu.

Nilikuambia sijakutana na mtu aliyemwona Donatien akifa. Ni uongo. Nilimwona mimi.

Mji ulipoanguka, Bernadette na mtoto walijificha kwa masista. Donatien alikuja kwangu kwenye kambi ya reli, nikamficha nyuma ya magunia ya makaa. Siku tatu. Waasi walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakitazama mikono. Mwenye mafuta ya mashine alikuwa mfanyakazi, wakamwacha. Mwenye vidole laini alikuwa mtu wa ofisi, na watu wa ofisi walikuwa wanawatafuta. Yeye alikuwa karani, unajua mikono yake. Siku ya nne waliingia kwetu. Hawakumwona. Wakaanza kumpiga Mbombo ili aseme tunaficha nini. Donatien akatoka mwenyewe kwenye makaa, mweusi kote isipokuwa macho.

Kijana mwenye bunduki akaniuliza, "Huyu ni nani kwako?"

Nikajibu, "Simujui. Ni karani tu, alikuja kuomba mai."

Akamgeukia Donatien. "Na wewe, unamujua huyu fundi?"

Alinitazama, Mwadi. Si kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama mtu anayefikiri hesabu, kisha akasema, "Hapana. Hatujuane."

Wakamchukua. Niliwafuata kwa mbali mpaka nyuma ya ghala la bandarini. Walikuwa watu saba waliopangwa ukingoni. Nilimwona akisukumwa majini pamoja na wengine, na nilikaa pale mpaka jua likazama, hakutoka hata mmoja. Bernadette alipokuja kuniuliza nilimwambia walimkamata njiani, kwamba sijui walimpeleka wapi. Kama ningesema nimeona, angeuliza nilikuwa wapi. Na kama angeuliza nilikuwa wapi, ningelazimika kusema nilisema nini. Kwa hiyo nilimwacha angoje. Ndiyo sababu. Hakunikosea kitu.

Mbombo alikuwapo. Miaka yote hii hajanikumbusha hata siku moja, na heri angenikumbusha.

Nyumbani kwangu mbenga haliwi tangu mwaka ule mto ulipolishwa watu, na sitamkausha mbenga nimtume kwa watoto wako. Kuvua nilianza kwa sababu ya hasira, nikaona hasira yenyewe haina mahali pa kukaa. Namshika, namtazama mdomoni, naona ni samaki tu, ana njaa kama sisi. Kumuua siwezi. Kumla siwezi. Kuacha kwenda pale nako siwezi. Mweleze Célestin au usimweleze, ni mamoja.

Yale yanayotakiwa na wazee nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, na mashahidi wawili wametia sahihi: mwalimu Okito, ambaye ni jirani yangu, na Mbombo. Inasema: Mimi Tshibangu, mkubwa wa ukoo, nasema mdogo wangu Donatien alikufa Kindu, Agosti 1964, nami nilimwona. Matanga yakatwe. Bernadette ameachiliwa, aende na amani, hadaiwi kitu na yeyote kati yetu.

Barua hii ya kwanza msomee Bernadette au ichome. Chaguo ni lako. Mimi nimechagua vibaya mara moja, inatosha.

Nawasalimu wote. Mungu awalinde.

Tshibangu


Lubumbashi, 9 Januari 1977

Yaya Tshibangu,

Nakusalimu wewe na Mbombo. Mwaka mpya umetukuta wazima. Clémentine ana surua ya ukubwani, anajikuna na kulia, lakini inapungua. Mvua zimevunja choo cha jirani, tunatumia kimoja nyumba mbili.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nane Desemba. Niliisoma kwanza peke yangu, huko huko chooni, kwa kuwa ndipo mahali pekee penye komeo. Nilikaa mpaka watu wakagonga. Kisha nikampa Bernadette. Sikuichoma. Nilifikiri kuichoma, nikajiona nafanya kama wewe.

Aliisoma mara mbili. Nikangoja aanguke. Hakuanguka. Alikunja karatasi akasema, "Nilijuaka." Nikamuuliza alijuaje. Akasema, "Miaka kumi na mbili, mu barua zake zote, hajaniuliza hata siku moya kama nilipata habari ya bwana yangu. Mutu mwenye kungojea, anaulizaka."

Ndivyo ilivyokuwa, Yaya. Nimezitoa barua zako zote kwenye sanduku, tangu ya kwanza. Nimetafuta. Hukuuliza.

Kwamba amekufa, alijua. Kwamba ulisema humjui, hilo hakulijua. Siku ya tatu alinipa maneno haya nikuandikie jinsi yalivyo: "Asiniombe mimi musamaha. Si mimi alimukana. Lakini karatasi ya kuniachilia nimeipokea, na ninamushukuru."

Matanga tuliyakata. Hatukuwa na mwili, basi tulizika shati lake la kazini ambalo Bernadette alikimbia nalo. Alinyoa nywele. Alilia kwa sauti siku tatu, sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu, majirani walikuja wakidhani amefiwa jana. Wazee wa Badibanga walisoma karatasi yako wakaipitisha mkono kwa mkono, mwisho mmoja wao akasema imetosha. Tarehe ishirini na nane walipanda gari la Kolwezi, wao na mtoto wa Donatien. Bernadette alivaa kitambaa cha buluu. Badibanga alibeba mizigo yote, hakumwachia hata kikapu.

Sasa nimebaki mimi. Mume wangu ananiambia nikuandikie kwamba yamekwisha, kwamba wakati ule ulikuwa wakati mbaya, kwamba mtu yeyote angesema ulivyosema. Huenda ni kweli. Huenda mimi ningesema vibaya zaidi. Lakini mimi ni dada yenu nyote wawili, na tangu barua yako ije kila nikifumba macho nawaona nyote wawili mmesimama mlangoni, na sijui nimlilie yupi.

Nimeanza na Donatien, kwa kuwa amengoja zaidi. Wewe ngoja zamu yako.

Dada yako,
Mwadi